SINDANO ZA KUPUNGUZA UNENE NA VIDONGE VYA PRESHA: TUSICHANGANYE BILA KUMWULIZA MGANGA

Wengi wetu tunaufahamu ugonjwa wa shinikizo la damu. Sisi huuita presha. Katika vijiji vyetu wapo watu wanaokwenda zahanati kila mwezi kupimwa presha na kuchukua vidonge. Baadhi ya vidonge hivyo humfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara. Ndiyo maana watu huviita vidonge vya maji, au vidonge vya kukojoza.

Siku hizi imekuja dawa nyingine. Hii ni sindano ya kupunguza unene. Habari zake zimeenea sana katika simu. Wengi wanaoitumia wako mijini na ng'ambo, kwa sababu bei yake ni kubwa. Lakini mambo ya mjini hayachelewi kufika kijijini. Kijana anayefanya kazi mjini anamfikiria mama yake. Mama ni mnene, magoti yanamwuma, akitembea anahema. Basi kijana anachanga fedha, ananunua sindano, anampa mtu wa basi amfikishie mama.

Nia ya kijana ni njema. Lakini huenda mama anameza vidonge vya maji kila asubuhi. Aliyeuza sindano hakuuliza, na kijana hakujua kuwa jambo hilo lina maana. Hapo ndipo hatari inapoanza.

Hatusemi kwamba sindano hizi ni mbaya. Wala hatusemi kwamba mwenye presha asizitumie. Wako wagonjwa wengi waliopewa dawa hizi mbili pamoja na madaktari wao, nao wanaendelea vizuri. Tunachosema ni kwamba dawa hizi mbili zikikutana, mwili huweza kuishiwa maji upesi. Kwa hiyo mgonjwa anahitaji mtu wa kumwangalia, na yeye mwenyewe anahitaji kujua la kufanya. Tuanze kwa kueleza kazi ya kila dawa.

VIDONGE VYA MAJI HUFANYA KAZI GANI?

Kila mtu ana figo mbili. Ziko nyuma, chini ya mbavu, na kila moja ina ukubwa kama wa ngumi. Kazi yake ni kuchuja damu. Uchafu, pamoja na maji na chumvi iliyozidi, hutoka kwa njia ya mkojo.

Moyo ni kama pampu. Damu hupita katika mishipa kama maji yanavyopita katika mpira wa kumwagilia bustani. Ukijaza maji mengi katika mpira, mpira huvimba na kukaza. Mishipa ya damu nayo hali yake ni hiyo. Mganga akipima presha na kukuta kila mara namba ya juu imefika 140 au zaidi, au namba ya chini imefika 90 au zaidi, husema mtu huyo ana presha ya juu.

Vidonge vya maji huzifanya figo zitoe chumvi nyingi zaidi. Chumvi ikitoka, maji nayo huifuata. Maji yakipungua katika mishipa, presha hushuka. Ni dawa ya siku nyingi, bei yake ni nafuu, na imeokoa watu wengi wasipooze na moyo usichoke.

Lakini vidonge vingi vya aina hii hutoa pia madini yanayoitwa potasiamu. Madini haya hutusaidia kukaza misuli, na husaidia moyo upige sawasawa. Yakipungua sana, misuli hulegea au hukaza kwa maumivu, na moyo huweza kupiga ovyo.

Utajuaje kama unameza vidonge vya maji? Soma kasha. Majina yake huandikwa hivi: Hydrochlorothiazide, Bendroflumethiazide, Furosemide, Indapamide, Spironolactone. Kidonge cha Spironolactone ni tofauti kidogo, kwa sababu chenyewe huzuia potasiamu isitoke. Figo zikichoka, potasiamu huweza kuzidi, na hiyo nayo ni hatari kwa moyo.

Tukumbuke jambo lingine. Viko vidonge vya presha vyenye dawa mbili ndani ya kidonge kimoja. Mtu anaweza kusema, "Mimi simezi vidonge vya maji, mimi nameza Losartan." Kumbe kwenye kasha, baada ya neno Losartan, limeandikwa neno Hydrochlorothiazide, au kwa kifupi HCT. Maana yake dawa ya maji imo humo humo ndani.

SINDANO YA KUPUNGUZA UNENE HUFANYA KAZI GANI?

Tukila chakula, utumbo hutoa kemikali inayokwenda kuuambia ubongo kwamba tumeshiba. Kemikali hiyo pia hulipunguzia tumbo mwendo, kusudi chakula kisiteremke haraka. Tena husaidia sukari isizidi katika damu. Lakini kemikali hiyo haikai. Baada ya dakika chache tu huisha nguvu.

Wataalamu walitafuta kitu kinachofanana nayo, lakini kinachodumu. Msaada mmoja ulitoka mahali ambapo watu hawakutegemea. Katika majangwa ya Marekani na Meksiko yuko mjusi mkubwa mwenye sumu, ambaye huweza kukaa muda mrefu bila kula. Mwaka 1992 daktari mmoja wa New York, John Eng, alitangaza kwamba katika sumu ya mjusi huyo amekuta kitu kinachofanana na ile kemikali ya utumbo wetu. Kutokana na kitu hicho ilitengenezwa dawa ya kisukari, ambayo ilikubaliwa Marekani mwaka 2005.

Baadaye zikaja dawa nyingine zenye nguvu zaidi. Hizi hazitoki kwa mjusi, zinatengenezwa kiwandani. Inayojulikana sana inaitwa semaglutidi. Kwenye kasha huandikwa Semaglutide, na majina yake ya biashara ni Ozempic na Wegovy. Nyingine ni tirzepatidi, inayouzwa kwa jina la Mounjaro au Zepbound. Ozempic ilianza kwa wagonjwa wa kisukari. Wegovy ilikubaliwa Marekani kwa ajili ya kupunguza unene mwaka 2021. Mtu hujichoma mara moja kwa wiki, chini ya ngozi ya tumbo, paja au mkono. Chombo chake kinafanana na kalamu, ndiyo maana watu huita kalamu ya sindano.

Je, inafanya kazi kweli? Ndiyo. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa watu wazima 1,961 waliofuatwa kwa wiki 68. Waliochomwa semaglutidi, huku wakifundishwa kula vizuri na kufanya mazoezi, walipungua karibu sehemu 15 katika kila 100 ya uzito wao. Yaani mtu wa kilo 100 alipungua karibu kilo 15. Presha zao pia zilishuka. Namba ya juu ilipungua kwa wastani wa 6 hivi.

Lakini tusome na upande wa pili. Katika kila watu 100 waliochomwa dawa hiyo, 44 walipata kichefuchefu. Karibu 32 waliharisha. Karibu 25 walitapika. Wengi wao mambo haya yalikuwa madogo na yalipita. Lakini kwa mtu anayemeza vidonge vya maji, kuharisha na kutapika siyo jambo la kupuuza.

DAWA HIZI MBILI ZIKIKUTANA

Tufikirie mtungi wa maji. Mtungi wenyewe ni mwili wetu. Vidonge vya maji vimetoboa tundu moja dogo chini. Tundu hilo mganga amelipima. Anajua maji yanayotoka, na anajua kwamba wewe kila siku unaongeza maji kwa kula na kunywa. Hivyo mtungi haukauki.

Sasa unachoma sindano. Ukitapika, tundu la pili limefunguka. Ukiharisha, la tatu. Na juu ya hayo, huongezi maji kama zamani. Mtu asiye na hamu ya chakula mara nyingi husahau hata kunywa. Tena sisi maji mengi tunayapata katika chakula chenyewe: uji, mchuzi, mboga, chai, matunda. Mtu aliyekuwa akila sahani nzima, sasa anakula vijiko vitano tu. Maji na chumvi vinavyoingia vimepungua, na vidonge vinaendelea kutoa kama kawaida.

Matokeo yake ni nini? Kwanza, presha hushuka kupita kiasi. Mtu akisimama anaona kizunguzungu, na mzee huweza kuanguka akavunjika nyonga. Pili, potasiamu huzidi kupungua na moyo huanza kupiga ovyo. Tatu, figo hukosa damu ya kutosha ya kuchuja. Figo zinaweza kuacha kazi kwa siku chache tu. Mgonjwa akiwahi hospitali, mara nyingi figo hurudia kazi yake. Akichelewa, anaweza kupoteza maisha.

Liko jambo moja zaidi ambalo yatupasa kulishika. Kidonge cha leo usipokimeza kesho, nguvu yake hupungua upesi. Lakini sindano ikishaingia, haitolewi. Semaglutidi ya siku moja huendelea kukaa mwilini kwa wiki kadhaa, ikipungua polepole. Mtu hawezi kuchoma Jumatatu, akatapika Jumanne, halafu akasema, "Basi, nimeacha." Dawa bado imo. Kwa hiyo maswali yote yaulizwe kabla ya kuchoma.

TUANGALIE MFANO

Tuseme mama mmoja ametumiwa sindano na mwanawe aliye mjini. Hakuichoma. Aliichukua pamoja na makasha yote ya dawa zake akaenda kwa mganga. Mazungumzo yao yangekuwa hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mwanangu kaniletea sindano hii ya kupunguza mwili. Nataka unichome."

"Sawa mama, tuangalie kwanza. Dawa zako nyingine ziko wapi?"

"Hizi hapa. Hiki ni cha presha. Na hivi ni vya magoti, nanunua dukani."

"Hiki cha presha kina dawa ya maji ndani yake. Na hivi vya magoti ni diklofenaki. Unavimeza kila siku?"

"Kila siku usiku. Bila hivyo silali."

"Mama, hivi vya magoti pamoja na vya presha huzichosha figo. Ukiongeza na sindano, ukaanza kutapika, figo zitapata taabu kubwa. Nitakupa dawa nyingine ya maumivu. Na sindano hii sitakuchoma leo."

"Ala! Na fedha ya mwanangu je?"

"Fedha haitapotea. Tuiweke sindano kwenye friji yetu. Wewe nitakuandikia barua uende hospitali ya wilaya. Wakupime damu, waone figo na potasiamu. Daktari akisema sawa, utaanza kwa kipimo kidogo, na atakuambia la kufanya na vidonge vyako siku ukitapika."

Mama huyu alifanya jambo la maana sana. Alipeleka makasha yote. Hata vile vidonge vya magoti alivyovinunua dukani, alivionyesha. Kama angevificha, mganga asingejua.

Hapa tuseme wazi habari ya dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayokwenda kwenye figo. Mtu mwenye vidonge vya maji na dawa nyingine za presha asizimeze ovyo, hasa siku ambayo anatapika au anaharisha. Amwulize mganga. Kwa maumivu ya kawaida, paracetamoli, ambayo wengi tunaiita panadoli, haizisumbui figo namna hiyo. Lakini nayo mtu asizidishe kipimo.

KABLA YA KUCHOMA SINDANO YA KWANZA

1. Andika dawa zako zote katika karatasi moja. Nakili majina kutoka kwenye makasha, herufi kwa herufi. Andika na namba zilizo mbele ya jina, kwa mfano 25 mg. Andika pia dawa za miti shamba na zile za dukani. Hii ndiyo faida ya kusoma kwetu. Tumejifunza kuandika majina yetu, sasa tuandike na majina ya dawa zetu.

2. Pimwa presha na uzito. Sindano hizi zimekusudiwa watu ambao unene wao ni ugonjwa, siyo kila mtu anayetaka kuwa mwembamba. Kwa mfano, mtu mwenye urefu wa sentimita 160 akifika kilo 77, waganga humhesabu kuwa ana unene wa kupita kiasi.

3. Pimwa damu hospitali, kusudi ijulikane hali ya figo na ya madini mwilini.

4. Mweleze daktari magonjwa yako mengine. Mama mwenye mimba, anayetaka kupata mimba, au anayenyonyesha asitumie semaglutidi. Aliyewahi kuugua kongosho aseme. Mwenye ndugu aliyeugua saratani ya tezi ya shingo aseme. Mwenye kisukari anayechoma insulini au anayemeza glibenklamidi aseme, maana sukari yake huweza kushuka mno.

5. Anza na kipimo kidogo. Semaglutidi ya kupunguza unene huanzia miligramu 0.25 kwa wiki, na huongezwa kidogo kidogo kila baada ya wiki 4. Mtu asiruke vipimo kwa sababu ana haraka. Anayeruka ndiye anayetapika sana.

6. Uliza swali hili, na jibu lake liandikwe: "Siku nikitapika au kuharisha, vidonge vyangu nifanyeje?"

UKIENDELEA NA DAWA

Kula kidogo kidogo, polepole. Punguza vyakula vya mafuta mengi, kwa sababu huongeza kichefuchefu. Kunywa maji mara kwa mara kutwa nzima, hata kama huna kiu. Lakini mwenye moyo uliochoka au figo mbovu afuate kiasi cha maji alichopangiwa na daktari wake.

Meza kidonge cha maji asubuhi kama ulivyoagizwa. Ukiamka, kaa kwanza kitandani kidogo, ndipo usimame.

Pimwa presha mara nyingi zaidi kuliko zamani. Uzito ukipungua, presha nayo hupungua. Kidonge kilichokufaa ulipokuwa na kilo 95 huweza kuwa kikali mno ukifika kilo 80. Daktari anaweza kukipunguza, na pengine kukiondoa. Lakini wewe mwenyewe usikiache kwa sababu umepungua mwili au kwa sababu unajisikia vizuri. Wako watu waliojiachia vidonge namna hiyo wakapooza.

Na wako wengine wanaofanya kinyume. Wakiona uzito hauteremki haraka, wanaongeza vidonge vya maji. Hilo ni kosa kubwa. Vidonge vya maji haviondoi mafuta. Vinaondoa maji tu. Ukinywa maji, uzito unarudi.

SIKU UKITAPIKA AU KUHARISHA

Mtu akitapika mara moja kisha akanywa na maji yakakaa, asiwe na hofu kubwa. Anywe kidogo kidogo na ajiangalie. Lakini akitapika au kuharisha mara nyingi, au ikipita siku nzima bila kula wala kunywa vizuri, afuate mambo haya.

Anywe maji ya chumvi na sukari, yale ya pakiti ya ORS. Asome kwenye pakiti kiasi cha maji. Kama hana pakiti, achukue lita moja ya maji safi na salama, atie vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote kwa kipimo cha sawasawa. Achanganye, na anywe kwa vijiko au kwa mafunda madogo. Mwenye moyo uliochoka au figo mbovu aende zahanati upesi badala ya kujitibu nyumbani, kwa sababu chumvi nyingi huweza kumdhuru.

Na vidonge vya maji je? Hili ndilo swali kubwa. Waganga wengi huwashauri wagonjwa wanaotapika na kuharisha sana wasimamishe vidonge vya maji kwa siku moja au mbili. Wakianza tena kula na kunywa vizuri, wanaendelea navyo. Hata baadhi ya dawa nyingine za presha na za kisukari husimamishwa hivyo. Lakini siyo kwa wagonjwa wote. Mtu ambaye moyo wake umechoka na miguu huvimba, akisimamisha vidonge huweza kujaa maji mapafuni akashindwa kupumua. Ndiyo maana tumesema swali hili liulizwe mapema, wakati mtu ni mzima, na jibu liwekwe katika karatasi. Asiye na jibu aende zahanati siku hiyo hiyo, au apige simu kama anayo namba ya mganga.

Sindano ya wiki inayofuata asichome mpaka aonane na mganga.

DALILI ZA HATARI

Watu wa nyumbani nao wazijue dalili hizi. Mgonjwa mwenyewe anaweza kuchanganyikiwa asijue kuwa amezidiwa.

Mwili ukianza kuishiwa maji: mdomo hukauka, mkojo hupungua na kuwa wa rangi ya chai, mtu huona kizunguzungu akisimama, misuli hukaza, na mwili huchoka sana.

Mgonjwa apelekwe hospitali bila kungoja kama: hakupata mkojo tangu asubuhi mpaka jioni, amezimia, moyo unapiga mbio au unapiga ovyo, anasema maneno yasiyoeleweka, hawezi kupumua vizuri, au namba ya juu ya presha imeshuka chini ya 90. Vile vile apelekwe upesi kama ana maumivu makali ya tumbo yanayokwenda mpaka mgongoni na hayaishi, au kama macho yamekuwa ya manjano. Hizo huweza kuwa dalili za kongosho au za mawe katika nyongo, na magonjwa hayo yamewahi kuwapata baadhi ya watu wanaotumia sindano hizi.

Mkipeleka mgonjwa, pelekeni na kalamu ya sindano na ile karatasi ya dawa.

TUJIHADHARI NA DAWA BANDIA

Kwa sababu dawa hii ina bei kubwa na inatafutwa sana, wamezuka watu wa kuiga. Mwezi wa Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kwa nchi zote juu ya Ozempic bandia. Dawa hizo zilikuwa zimekutwa Brazil, Uingereza na Marekani mwaka 2023. Mwaka huo huo, huko Austria, watu walilazwa hospitali kwa sababu sukari yao ilishuka mno. Wakuu wa huko walishuku kwamba ndani ya kalamu zile mlikuwa na insulini.

Basi tusinunue sindano hizi kwa mtu wa mkononi, sokoni, saluni, wala kwa mtu tusiyemjua katika simu. Zinunuliwe kwenye famasi inayotambulika, kwa cheti cha daktari. Hapa Tanzania dawa husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yaani TMDA.

Tena sindano hizi haziwezi joto. Kalamu ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, digrii 2 hadi 8, na isigande kuwa barafu. Mtungi wa maji baridi hautoshi. Baada ya kufunguliwa, kalamu nyingine zinaweza kukaa nje ya friji kwa wiki chache, mahali pasipozidi digrii 30. Siku zake zimeandikwa kwenye karatasi iliyo ndani ya kasha. Kwa hiyo kalamu iliyokaa siku mbili ndani ya basi kwenye jua tusiiamini. Na kalamu ya mtu mmoja asichomwe mtu mwingine ye yote, hata kama ncha imebadilishwa, kwa sababu magonjwa ya damu huweza kuambukizwa.

MWISHO

Ndugu wasomaji, unene wa kupita kiasi ni ugonjwa, na presha ni ugonjwa. Yote mawili yana dawa. Anayepata sindano hizi kwa njia ya halali na chini ya daktari, anaweza kupata nafuu kubwa. Ajue pia kwamba akiacha, uzito mara nyingi hurudi. Kwa hiyo chakula bora, kupunguza chumvi na sukari, na kutembea kwa miguu havina budi kuendelea.

Ninyi mlio na watoto mjini, waambieni: "Kabla ya kuninunulia dawa yo yote, niulize kwanza ninameza nini." Nanyi vijana mnaosomewa gazeti hili kwa simu, mwulizeni mzee swali hilo kabla ya kutoa fedha. Na usiku wa leo, kila mwenye makasha ya dawa nyumbani ayatoe, achukue karatasi na kalamu ya kuandikia, aanze kunakili.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Vidonge vya maji hushusha presha kwa njia gani?
2. Kwa nini mtu anayechoma sindano ya kupunguza unene huweza kuishiwa maji upesi kama anameza vidonge hivyo?
3. Mama katika mfano wetu alipeleka nini kwa mganga? Kingetokea nini kama angeficha vidonge vya magoti?
4. Kwa nini swali la siku ya kutapika liulizwe kabla ya kuanza sindano?
5. Soma kasha moja la dawa ya presha kutoka nyumbani kwako. Je, ndani yake mna dawa ya maji? Umejuaje?